Mrututu wa Bibi na unga wangu wa kijani

Bibi yangu alikuwa akiweka mrututu kwenye kopo la kahawa juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo mikono yetu haikufika. Kwao ni Ukerewe, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka gati la Nansio, na sisi wajukuu tulipelekwa huko kila Desemba shule zikifungwa. Nikiwa darasa la tatu nilichubuka goti kwenye mawe ya ziwani. Siku ya nne goti limevimba na linatoa usaha. Bibi akateremsha kopo.

Alichagua kipande kimoja cha bluu, akakiweka juu ya kigae cha chungu kilichopasuka, na kigae akakitenga juu ya makaa. Nikasahau goti. Kile kipande kilianza kufifia kutokea pembeni, kikatatarika kidogo kama chumvi motoni, kikabomoka, mwisho kikawa unga mweupe kama sembe. Akausaga kwa kitako cha kikombe, akachota kwa ncha ya kisu, akaninyunyizia kidondani. Kilio changu sitakisimulia. Ila kabla machozi hayajanifunga macho niliona jambo: ule unga mweupe ulipogusa unyevu wa kidonda uligeuka, ukarudia bluu yake.

Nikamuuliza Bibi kwa nini. Akasema, "Umekunywa maji, umeamka."

Jibu hilo si baya hata kidogo. Mrututu ni salfeti ya shaba, na katika fuwele zake kila shaba moja ina molekuli tano za maji. Nne zimeishika shaba yenyewe, ya tano imejibanza pembeni kati ya maji wenzake na salfeti. Moto unayafukuza maji, na rangi inaondoka nayo. Yakirudi, nayo inarudi. Bluu ile, kumbe, si ya shaba peke yake, ni ya shaba pamoja na vilivyoizunguka. Darasani huwa naongeza amonia kidogo kidogo kwenye myeyuko wa mrututu. Kwanza yanatokea mashapo ya bluu hafifu, halafu ukizidi kumimina yanayeyuka na chupa nzima inakuwa bluu nzito ya wino. Amonia imeyasukuma maji, imekaa yenyewe. Wanafunzi wa mwisho darasani, wale wa kusinzia baada ya ugali wa saa saba, hapo huwa wanainua vichwa.

Vitabuni vitu hivi vina majina marefu. Maabara tunasema kompleksi, basi. Katikati kuna ayoni ya metali, na kuizunguka kuna ligandi, yaani molekuli au ayoni zinazoleta jozi ya elektroni. Mswisi Alfred Werner alipendekeza mpangilio huu mwaka 1893 akiwa na miaka 26, wakati elektroni yenyewe ilikuwa bado haijagunduliwa. Tuzo ya Nobel alipewa 1913. Ligandi nyingine zinashika metali kwa mkono mmoja, nyingine kwa miwili au zaidi. Mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, ataelewa haraka. Mtumbwi uliofungwa kwa kamba moja unazungukazunguka na upepo, lakini ufunge mbele na nyuma, unatulia. Kushika huko kwa mikono miwili kunaitwa kuchelati, kutoka neno la Kigiriki la gando la kaa.

Na hayo yanatokea tumboni mwako pia. Ukimeza tetrasaiklini na maziwa unajipunja, kwa sababu dawa inaing'ang'ania kalsiamu ya maziwa, na kinachoundwa hakipenyi vizuri kwenye utumbo. Jaribu kumwambia mzee wa Kisukuma kwamba wiki hii dawa na mtindi visikutane. Atakuangalia kama uliyemhukumu.

Mimi nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza, na mwisho wa juma najifungia maabara kumalizia utafiti nilioanza nikisoma shahada ya pili. Ukisema hapa mjini kwamba unachunguza metali, watu wanadhani una mchanga wa dhahabu kutoka Geita. Nikisema ni metali za kuua bakteria, wanauliza lini itafika dukani.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua sulfamethoksazoli, ile sulfa iliyomo kwenye Septrin, nikaichanganya na salisilaldehaidi, kimiminika chenye harufu ya lozi chungu inayokufuata hadi ndani ya daladala. Vikikutana kwenye ethanoli ya moto vinatoa maji, inabaki ligandi ya rangi ya chungwa, ya ukoo unaoitwa besi za Schiff, kwa jina la Hugo Schiff aliyeueleza mwaka 1864. Ligandi hiyo ukiipa asetati ya shaba unapata unga wa kijani. Ukiipa zinki, unga wa njano hafifu. Kwenye karatasi ni kazi ya siku mbili.

Tatizo likawa maji. Unachemsha kwa saa nne, na mvuke wa ethanoli unatakiwa upoe kwenye kondensa urudi chini kwenye chupa. Kondensa inapozwa na maji ya bomba. Saa ya pili bomba likakohoa, likanyamaza. Mimi nilikuwa chumba cha pili nasahihisha mitihani ya majaribio, sina habari. Niliporudi ethanoli yote ilikuwa imepaa, chini ya chupa kumebaki kitu cheusi kinachonata kama lami, na namshukuru Mungu hapakuwa na cheche. Nikasimama dirishani. Ziwa lote lile hapo chini linang'aa hadi Kisiwa cha Saanane, na mimi nimekosa maji ya kupitisha kwenye bomba la kioo.

Aliyenitoa kwenye shida ni mzee wetu wa maabara, fundi sanifu aliyestaafu zamani lakini bado anakuja, nadhani kwa sababu nyumbani hakuna wa kumgombeza. Aliniletea ndoo, pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo, na akanituma Mwaloni Kirumba nikanunue barafu, ile wanayopangia sangara. Tangu siku hiyo kondensa yangu inapozwa hivyo, maji yale yale yanazunguka kutoka ndooni na kurudi ndooni. Maabara inanuka lozi na sangara, lakini lami sijaiona tena.

Kupima bakteria ndiko nilikokuwa na hamu nako. Unamimina agari, uji wa kuoteshea bakteria, kwenye sahani za petri, inaganda. Unachukua bakteria, unawachanganya kwenye maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na chupa ya kipimo, kisha unawapaka juu ya agari kwa pamba ya kijiti, kushoto kulia, unageuza sahani, tena kushoto kulia. Juu yake unapanga vidoa vya karatasi ya kuchujia vilivyoloweshwa dawa. Vidoa vya dukani ni ghali, kwa hiyo tulitoboa vyetu kwa panchi ya ofisini, inayotoa vya milimita 6 au karibu na hapo, ukubwa unaotakiwa. Sahani zinalala usiku mzima kwenye nyuzi 37.

Asubuhi nilifungua kabati la joto mikono ikitetemeka. Bakteria walikuwa wameota kama utando wa maziwa yaliyopoa, na kuzunguka kidoa changu cha kijani palikuwa na duara safi, agari tupu. Kwenye Staphylococcus aureus duara lilikuwa pana. Kwenye E. coli lilikuwa jembamba, maana bakteria wa kundi lake wana utando wa ziada kwa nje na si kila kitu kinapita. Nilipiga picha nikaituma kwenye kundi la familia. Shangazi akauliza kama ni chapati.

Mzee alikuja, akavaa miwani, akainua sahani kwenye mwanga wa dirisha. Akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwalimu, na mrututu?"

"Mrututu gani, Mzee?"

"Wenyewe. Shaba isiyovalishwa nguo. Umeipima?"

Sikuwa nimeipima. Nilikuwa nimepima ligandi peke yake, nimepima DMSO, kimiminika nilichoyeyushia unga, nimeweka na kidoa cha antibayotiki ya kawaida kwa kulinganisha. Chumvi tupu ya shaba haikunijia akilini, mimi, mjukuu wa yule bibi! Tulirudia wiki iliyofuata, kiasi cha shaba kikiwa sawa. Chumvi tupu nayo ikatoa duara kwenye stafilo. Lilikuwa dogo kuliko la kompleksi, lakini lilikuwepo, linanitazama. Na ule unga wa zinki, ambao kwenye rasimu ya tasnifu nilishauita "wenye uwezo mkubwa", haukupishana na ligandi yake.

Niseme ukweli, makala nyingi za fani yangu zinaishia pale nilipotaka kuishia mimi. Ligandi mpya, metali nne, bakteria wawili, milimita kadhaa, na sentensi ya mwisho kwamba kompleksi hizi zina matumaini kama dawa. Wengine wanamaliza kwa kusema metali ikishafunikwa na ligandi inapunguza chaji na kupenya mafuta ya utando wa bakteria kwa urahisi. Huenda ni kweli kwa baadhi. Lakini maelezo hayo yananakiliwa kutoka tasnifu hadi tasnifu bila mtu kupima chochote kuhusu utando.

Hata duara lenyewe linadanganya. Upana wake unategemea dawa inavyotambaa ndani ya agari. Molekuli kubwa isiyopenda maji inabaki pale pale kwenye kidoa hata kama ni kali. Na DMSO niliyoiona kama maji tu ya kuyeyushia, kumbe ni ligandi nayo. Inaweza kuing'oa dawa yako kutoka kwenye metali na kukaa yenyewe, kama amonia ilivyoyasukuma yale maji. Kwa cisplatin, dawa ya saratani yenye platinamu, imeonyeshwa wazi kwamba ukiiyeyusha kwenye DMSO unaiharibu. Kwa hiyo kidoa kinakuambia jambo moja tu: humu ndani kuna kitu kinachowasumbua bakteria. Ni kitu gani, hakisemi.

Na kuua peke yake si sifa. Jik inaua. Mrututu unaua, lakini ukimezwa unaharibu ini na figo, na kwenye kidonda unaunguza nyama nzima pamoja na mbovu. (Goti langu lilipona, ndiyo. Kovu lake pia ni kubwa kuliko jeraha lilivyokuwa. Msiige.)

Ziwa hili lina kumbukumbu yake kuhusu hilo. Mwaka 1906 Robert Koch, yule yule wa kifua kikuu, alipiga kambi Visiwa vya Sese, upande wa Uganda, kutibu malale. Dawa yake iliitwa Atoxyl, kampaundi ya aseniki. Aseniki si metali kamili, na vimelea vya malale si bakteria, lakini hesabu ni ile ile. Vimelea vilipungua kwenye damu. Alipopandisha dozi, baadhi ya wagonjwa walipofuka, na macho hayakurudi. Huko Ujerumani Paul Ehrlich akaendelea kuibadilisha molekuli ile, na mwaka 1909 Sahachiro Hata, aliyekuwa akifanya kazi maabarani kwake, akaona kwamba ile ya namba 606 inaua kijidudu cha kaswende. Mwaka uliofuata ikaingia sokoni kwa jina la Salvarsan. Kila nikivuka na meli kwenda Nansio nawaza watu wale wa Sese, waliobaki gizani ili wengine huko mbali wapate dawa.

Platinamu ilikuja kwa ajali. Mwaka 1965, huko Michigan, Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme kwenye E. coli kwa kutumia vipande vya platinamu, metali aliyodhani haiguswi na kitu. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi, hadi mara 300 ya urefu wao. Umeme haukuwa na hatia. Platinamu kidogo ilikuwa imeyeyuka ikajifunga na amonia na kloridi zilizokuwamo. Akajiuliza kama kinachozuia bakteria kugawanyika kinaweza kuzuia uvimbe, na mwaka 1978 cisplatin ikaidhinishwa Marekani. Aliingilia mlango wa bakteria akatokea wodi ya saratani.

Waliobaki upande wa bakteria hawakusikilizwa sana. Francis Dwyer huko Australia alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1950 kwamba kompleksi za rutheniamu zinazuia bakteria, lakini hiyo ilikuwa enzi ya antibayotiki mpya kila kukicha, nani angehangaika na metali ghali? Sasa ndio tunarudi. Kuna mradi ulioanzishwa 2015 kwenye Chuo Kikuu cha Queensland, wa kupima bure kampaundi zinazotumwa na wanakemia kutoka popote. Mwaka 2020 walitoa hesabu. Kati ya kampaundi 906 zenye metali, 88 zilifanya kazi dhidi ya angalau kimelea kimoja bila kudhuru seli za binadamu walizopima wala kupasua chembe za damu. Asilimia ya zenye nguvu ilikuwa 9.9, wakati kampaundi za kawaida zisizo na metali zilifikia 0.87. Niliisoma mara tatu. Hizo 88 zimepita mtihani ambao unga wangu haujaufanya.

Kinachonivutia kuliko vyote ni wale wanaotumia njaa ya bakteria. Bakteria hawezi kuishi bila chuma, na mwili wako unakificha chuma usimpe. Basi anatuma nje molekuli ndogo za kuchelati, zinakishika chuma kwa mikono yote, kisha anazivuta ndani. Ukitaka kumnasa, fanya kama mvuvi wa sangara, ficha ndoano ndani ya chambo. Galiamu, metali nyingine, inafanana na chuma kiasi kwamba anaimeza, halafu haimfai kwa kazi yoyote. Na antibayotiki iitwayo cefiderocol, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, ina kipande kinachoshika chuma; bakteria anafungua mlango akidhani analetewa chakula.

Msidhani bakteria hawawezi kuwa sugu kwa metali. Mwaka 1975 iliripotiwa Marekani kwamba kwenye wodi ya walioungua walipatikana salmonela wasiojali nitrati ya fedha. Fedha hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye krimu nyeupe ya majeraha ya moto, fedha iliyofungwa na sulfadayazini. Ukiangalia ukoo, ni binamu wa unga wangu: sulfa na metali.

Mnaoniuliza kwa nini nisiachane nayo, mwezi wa nne shemeji yangu alichomwa na ndoano kiganjani akitega usiku. Akafanya wanavyofanya wote, akafungua kapsuli ya rangi mbili akamwagia unga kwenye jeraha, nyingine mbili akameza, basi. Wiki ilipoisha mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Hospitali walichukua usaha wakauotesha. Nilimwomba anionyeshe karatasi ya majibu, mkononi imelowa jasho: safu ya dawa, na mbele yake herufi. R. R. R. R. Kisha S moja, ya sindano ya bei. Akaniuliza, "Shemeji, R ni nini?" Nikamwambia bakteria amegoma, na S ni dawa ambayo bado inamweza. Akacheka, halafu hakucheka. Amepona, vidole viwili havikunji vizuri. Mwaka 2019 pekee usugu wa namna hii ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Kwa hiyo nimerudi nyuma. Zinki nimeiweka kabatini. Shaba nairudia kwenye mchuzi wa virutubisho badala ya vidoa, kuona kiasi kidogo kabisa kinachozuia, na sambamba nina chupa ya chumvi tupu ya shaba, shaba sawa kwa sawa. Rafiki yangu wa maabara ya damu ameahidi kunisaidia kuona kama unga unapasua chembe nyekundu. Nikifika hapo na bado umesimama, nitafikiria kuutuma mbali.

Ligandi imekwisha, inabidi nitengeneze nyingine. Jumamosi nitakuwa Mwaloni kabla ya saa kumi na mbili, maana wachuuzi wa sangara wakitangulia barafu huwa haibaki.